Nani Alisugua Bati za Mama Zaina?

Asubuhi ya harusi ya Rehema nilifunua kitambaa juu ya bati zangu za kuchomea biskuti, nikaona uso wangu.

Niliona pua. Niliona kitambala cha kichwa. Niliona hata lile jino langu la mbele lililokaa upande. Mwanamke anayeoka biskuti anajua maana yake. Ndani ya bati ya biskuti hutakiwi kuona uso, unatakiwa kuona weusi, weusi uliotulia, usiosema kitu. Bati ikikuonyesha uso wako, ujue kuna mtu amepita hapo na mchanga.

Nilipiga kelele. Watu walikuja mbio wakifikiri ni nyoka.

"Nani amesugua bati zangu?"

"Yoo, Mama Feza, si zimekuwa nzuri!" Huyo alikuwa Godeliva, wifi yangu, dada ya mume wangu. Alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono. "Angalia vile zinang'aa. Hata wakwe watapata haya."

"Nimeuliza nani."

"Mi nimezikuta vile."

Shangazi Mwamini, shangazi ya bibi harusi, alitokea na ufunguo wa jiko umefungwa kiunoni kama kawaida yake. "Kelele za nini? Unalilia masizi? Siku ya harusi ya mutoto wetu, mutu mzima analilia masizi!"

"Shangazi, ni weye umesugua?"

"Mimi? Nimefungua mlango sasa hivi, nimekuta vile."

Basi, bati zilijisugua.

Unga ulikuwa umeshasukumwa na kukatwa. Wageni walikuwa wanakuja baada ya sala ya adhuhuri. Bati nyingine hatukuwa nazo. Nikapaka mafuta mengi, nikaomba Mungu, nikaingiza kwenye furu, tanuri la kuokea. Biskuti zilipotoka zilikuwa na rangi nzuri na harufu nzuri, na zimeshika bati kama mtoto anayeshika kanga ya mama yake sokoni. Niliingiza kisu chini ya ya kwanza, ikavunjika. Ya pili ikaacha nyama yake yote chini. Bati ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote vilevile. Beseni zima la vipande. Na chumba cha ndani, juu ya mkeka wake, Mama Zaina alikuwa anangoja nimletee biskuti ya kwanza. Yeye ni bibi ya Rehema. Ndiye aliyenifundisha kazi, na bati hizo zilikuwa zake kabla ya kuwa zangu.

Nitarudi hapo. Kwanza niseme mi ni nani, na kwa nini naandika.

Nimeacha kazi mwaka huu. Sijazeeka, magoti ndiyo yamezeeka peke yao bila kuniuliza. Miaka yangu yote ya kazi ilipita katika duka moja la mikate pale mtaa wa Asiatique, upande wa biskuti. Wasichana niliowaacha pale waliniambia, "Mama Feza, utuandikie vyombo gani mutu anahitaji kama anataka kuoka nyumbani." Nilisoma kidogo tu kwa masista, kwa hiyo mkiona neno limekaa vibaya, mlipite. Nimepona vurugu za Kongo, nimepona malaria, nimepona na miaka mibaya ya mji huu ambayo sitaiandika hapa. Nitapona na kuandika.

Tulivuka kutoka Uvira, mi na mume wangu na watoto, muda kidogo baada ya uhuru, wakati watu wengi walikuwa bado wanaita mji huu Usumbura. Wengine walivuka na cherehani, wengine na redio. Mi nilivuka na kifimbo cha kusukumia chapati. Mume wangu aliniuliza njiani kama nafikiri wakimbizi wanaenda kwenye sherehe. Hakuuliza tena, kwa sababu kifimbo hicho ndicho kilitulisha.

Siku ya kwanza dukani, mwenye duka, ambaye sote tulimuita Patroni, alinionyesha mlango wa nyuma na kusema, "Nenda kwa Zaina." Nikamkuta mwanamke mfupi, Mwislamu wa mtaa wa Buyenzi tangu mababu, mwenye sauti ya kumuita mtu aliye ng'ambo ya ziwa.

"Unajua nini?" akaniuliza.

"Najua kuoka, Mama."

"Nani amekuuliza kuoka? Unajua kungoja?"

Nikanyamaza. Akasema, "Umeshaanza kujua," akanipa vyombo nioshe.

Niliosha sufuria mpaka zikawa kama kioo, maana kwetu mwanamke anajulikana kwa sufuria zake. Nikafika kwenye bati tatu nyeusi kama makala ya jiko. Nikachota mchanga. Kabla sijagusa, Mama Zaina alikuwa ameshaninyang'anya bati, ameikumbatia kifuani na nguo yake safi.

"Hii, apana."

"Lakini ni chafu, Mama."

"Chafu ni jicho lako. Hii ni ngozi yake. Unapanguza na kitambaa kikavu, unapaka mafuta kidogo sana, unarudisha. Nikikuona na mchanga hapa, mi na we tumeachana."

Na ndiyo kitu cha kwanza ninachowaandikia: bati. Chagua nzito, isiyopinda kwenye moto. Mafuta na moto, mafuta na moto, kila siku kidogo, vinaipa ngozi. Biskuti inakaa juu ya ngozi hiyo na ikiiva inateleza yenyewe, huhitaji kuibembeleza. Bati inayong'aa ni ya kupelekea chai.

Cha pili ni kopo la kupimia. Moja, lilelile siku zote. Sisemi kopo zuri. Langu ni la maziwa, limebonyea ubavuni, na ubonyevu huo umeingia katika kila biskuti niliyowahi kuoka, kwa hiyo hausumbui mtu. Shida inaanza ukibadilisha. Godeliva anapima na chochote kilicho karibu, leo glasi, kesho kikombe cha mume, halafu anakuja kuniuliza kwa nini jana zilikuwa matofali na leo zimekuwa uji.

Chekecheo. Farini ya wakati ule, unga mkavu wa ngano, ilikuja na wadudu, nyuzi za gunia, na siku moja kifungo cha shati. Mama Zaina alikitundika kifungo ukutani, akasema mwenyewe akija tumrudishie. Hakuja. Mnapochekecha, muinue chekecheo juu kidogo, farini ishuke kama vumbi, ipate pumzi. Ikishuka kama mvua ya mawe, biskuti itauma jino.

Kifimbo mnakijua. Asiye nacho atumie chupa. Mi nilitumia ya bia, Mama Zaina hakukubali chupa hiyo iguse unga wake hata kama imechemshwa, yeye alikuwa na ya limonadi. Lakini siri haiko kwenye kifimbo. Iko kwenye vijiti viwili bapa vya mbao, vya unene mmoja, unavyolaza kulia na kushoto ya unga. Kifimbo kinapita juu ya vijiti, na unga wote unakuwa na unene mmoja. Bila vijiti, katikati ni nene na pembeni ni nyembamba, na utakula pembeni zilizoungua huku ukingoja katikati iive.

Duara la kukatia tulikatiwa na fundi wa magari kutoka bati ya kopo. Chovya kwenye farini, shusha wima, inua wima. Usizungushe. Ukizungusha, biskuti inaivia upande kama mtu anayesikiliza mlangoni. Kisu cha kuinulia kiwe chembamba na kipana, kinachopinda kidogo. Na mpate wavu wa waya wa kupozea. Biskuti ya moto ikiwekwa kwenye sahani inatoa jasho chini, kesho yake ni laini kama sikio. Wengi wanalaumu siagi. Siagi haina kosa, sahani ndiyo ina kosa.

Sasa furu. Nyumbani hamna furu, najua. Chukueni sufuria kubwa nzito, mwageni mchanga mkavu chini, wekeni mawe matatu madogo, mufunike, mukalishe juu ya imbabula, jiko la makaa, mpaka mchanga upate moto sawasawa. Bati ndogo inakaa juu ya mawe. Mfuniko unarudi, na juu ya mfuniko mnaweka makala ya moto, maana biskuti inataka moto wa juu na wa chini. Mmeona, mi sina ugomvi na mchanga. Mchanga una mahali pake, napo ni chini ya bati.

Kujua kama moto umefika, nyunyiza farini kidogo kwenye bati tupu. Mama Zaina alisoma Fatiha polepole, na akimaliza farini iwe imepata rangi ya ngozi ya karanga. Mi nilisema Salamu Maria. Tulibishana miaka.

"Sala yako inakimbia," alikuwa anasema. "Unatoa biskuti mbichi."

"Yako inalala, Mama. Unatoa makala."

Mwisho tulikubaliana, Salamu Maria mara mbili ni sawa na Fatiha moja ya Mama Zaina. Padri sikumwambia.

Siku ngumu zilikuwepo. Ngumu kuliko zote ni Noeli moja ya mvua, makala yote ya duka yamelowa, na parokia imeagiza. Mi nilikaa chini nikalia. Mama Zaina, ambaye Noeli haimhusu hata kidogo, alivua viatu, akaenda nyumba kwa nyumba Buyenzi kuomba makala makavu, na kila mlango alisema, "Ni kwa ajili ya mutoto wa Maria, musininyime." Alirudi na gunia kichwani na matope mpaka magotini. Tukaoka mpaka kengele ikalia. Tangu hapo, kila Idi nilikuwa nyumbani kwake kabla ya alfajiri kwisha, na hakuna aliyewahi kuniambia njoo.

Macho yake yalipoanza kuzima alinipa bati. Na hapa musikilize vizuri, maana sisi watu wa furu hatupeani bati hivihivi. Unakaa chini na unayempa, unashika kidole gumba chake, unakipitisha juu ya bati, na unamuambia habari ya kila alama. Alinishika kidole. "Hapa pamebonyea, ni siku paka ya Patroni iliruka kutoka dirishani. Huu mkwaruzo ni wa Mama Salima, mwenzangu wa kazi, marehemu, alitumia uma, nilimsamehe. Na hii kona, sikia, ngozi yake ni nene kuliko zote. Ni siku ya uhuru. Redio ilikuwa wazi, sote tukakimbia barabarani kucheza, tukasahau furu. Biskuti ziliungua mpaka zikawa majivu, lakini kona ikapata ngozi hii. Ukitaka kujua uhuru una unene gani, weka kidole hapa."

Nikaweka kidole. Ulikuwa mnene kweli.

"Siku ukimupa mwingine," akasema, "umuambie zote. Usiruke hata moja. Bati bila habari zake ni kipande cha nyumba tu, weka juu ya paa."

Haya. Sasa harusi.

Rehema ni mjukuu wake aliyemlea mwenyewe, na Mama Zaina alikuwa na ombi moja tu: biskuti za harusi ziokwe nyumbani, Buyenzi, na bati zake. Mlangoni kuna furu ya udongo ya zamani, nikaitengeneza. Siku moja kabla ya harusi, kama kawaida ya mtaa, vyombo vyote vya nyumba vilianikwa uani juu ya mikeka, ili wanawake wa upande wa bwana harusi waje kuona kama wanaoa nyumba safi. Godeliva alikuwa ameenda ziwani na kurudi na beseni la mchanga mweupe. Yeye na wenzake walisugua sufuria mpaka jua likaona haya. Wakwe wakaja, wanaimba, wanazunguka, wanainua mifuniko. Mmoja, mwanamke mnene mwenye mdomo, akasimama mbele ya bati zangu.

"Hizi nazo ni za nini? Au ndiyo rangi ya bibi harusi?"

Wote wakacheka. Rehema akainama. Mi nikajibu, "Ni rangi ya kazi, mama, naona hujawahi kuivaa," na upande wetu ukapiga vigelegele. Lakini niliona uso wa Mwamini. Ulikuwa umeiva kwa haya.

Wakwe walipoondoka nilisema kwa sauti, mbele ya watu wote, Godeliva yupo, Mwamini yupo: "Sugueni chochote mnachotaka. Bati hizi apana." Nikazifunika na kitambaa, nikaziweka jikoni. Mwamini akafunga mlango na ufunguo wake. Jua lilikuwa halijazama bado, nikaenda kwangu.

Yaliyofuata mmeshayasoma.

Nilichukua vipande kwenye bakuli, nikaingia chumba cha ndani. Mama Zaina akanyoosha mkono, akapapasa.

"Mama Feza, mbona umenivunjia?"

"Si mimi, Mama."

"Leta bati."

Nikaleta. Kidole gumba chake kikaanza kutembea. Kikapita ubonyevu wa paka. Kikapita mkwaruzo wa Mama Salima. Kikafika kwenye kona ya uhuru, kikateleza, kikarudi, kikateleza tena. Akaitafuta kona hiyo kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake gizani. Halafu akaacha.

"Nani?"

"Hawasemi."

Akatia kipande mdomoni, akatafuna. Uso ukafunguka kidogo. "Utamu uko," akasema. "Sikia. Tia vipande vyote kwenye bakuli kubwa, mwagia maziwa ya moto na mdalasini, uwaambie wakwe hii ndiyo desturi ya nyumba yetu. Useme bila kucheka."

Nilisema bila kucheka. Walikula mpaka wakakwangua. Yule mnene mwenye mdomo alinifuata jikoni kwa siri kuniuliza vile nimefanya. Leo pale Buyenzi kuna nyumba ambazo, siku ya harusi, watu wanavunja biskuti nzima, nzuri, kwa makusudi, na kumwagia maziwa. Nikipita nageuza uso.

Basi harusi ilipona, na Rehema ana watoto. Lakini kila nilipoenda kumsalimia Mama Zaina, kabla ya kuuliza habari za nyumbani, alikuwa anauliza, "Amesema?" Nasema bado. Hakuwa na hasira. "Sitaki kugombana," alikuwa ananiambia. "Nataka tu kujua, niiweke pamoja na zile zingine. Paka, uma, uhuru, halafu nini?" Niliwauliza wote wawili, kila mmoja peke yake. Godeliva akasema muulize mwenye ufunguo. Mwamini akasema muulize mwenye mchanga. Mara ya mwisho kumuona Mama Zaina, sauti yake ile ya kuvuka ziwa ilikuwa imebaki ya kuvuka mkeka tu, na ilisema, "Amesema?"

Nikasema bado. Tulimzika bila jibu.

Bati nimezirudisha nyeusi. Mafuta na moto, mafuta na moto, mpaka biskuti zikaanza tena kuteleza zenyewe. Ukizitazama huwezi kujua. Ukiweka kidole kwenye ile kona, utajua. Ni ngozi nzuri, lakini haikuwepo siku ya uhuru.

Sasa magoti yamekataa, na bati nampa Rehema, ambaye anaoka kwake Kinama kwenye sufuria ya mchanga, na anaoka vizuri kuliko mi nilipokuwa na umri wake. Nitamkalisha chini na kumshika kidole gumba. Nitamuambia paka. Nitamuambia uma wa Mama Salima. Nitamuambia redio na watu wanaocheza barabarani. Halafu kidole kitafika mahali panapoteleza, naye ataniuliza, maana ni mjukuu wa bibi yake. Siruhusiwi kuruka hata moja. Nitamuambia nini?

Mwamini, ufunguo ulikuwa kiunoni mwako. Godeliva, mchanga ulikuwa kwenye beseni lako. Najua Godeliva atasomewa haya, kwa hiyo anayemsomea asiruke hapa. Sitaki pole. Sitaki kitenge, sitaki mbuzi, na sitaki kusikia ilikuwa kwa heshima ya nyumba, hilo nalijua, na hata Mama Zaina alilijua. Jumapili baada ya misa nitakuwa kwa Rehema. Njooni wote wawili. Makala yatakuwa yamewaka, mafuta yatakuwa mezani, na biskuti zitakuwepo, nzima. Mmoja wenu aweke kidole chake kwenye ile kona, mbele ya Rehema, na ajibu neno moja ambalo mwanamke mzee aliliuliza mpaka pumzi ikamuisha.

Nani?